Mti Nilioufumua

Salome mwanangu,

Mambo ya pasipoti, ya sweta ya kuvaa ndani ya ndege na ya kutupigia ukifika Addis siyarudii. Leo asubuhi umeniambia nimeyasema mara saba, na wewe ndiye uliyehesabu. Haya, yamekwisha. Hii ni habari nyingine, na nimeiandika kwa kalamu kwa sababu nikikutumia sauti kwenye simu nitaanza kulia katikati, utafikiri kuna mtu amekufa. Hakuna aliyekufa. Kuna jambo nimelifanya mimi mama yako, na nina wiki sita nalo hapa kifuani.

Wewe na baba yako mmetoka kwenda kuwaaga watu wa kanisani. Mimi nilisema kichwa kinaniuma. Hakiniumi.

Nitaanzia mbali kidogo, univumilie. Mimi sikusoma sana, sijui kuandika kitu kikaanza pale kinapotakiwa kuanza.

Nilipokuwa darasa la tano, kule kwetu Muheza, tulikuwa na kipindi cha ushonaji kila Alhamisi. Mwalimu alitufundisha kudarizi kwa misalaba, huku huku unakokujua wewe: unapeleka uzi upande huu, unaurudisha juu yake upande ule, msalaba mmoja mdogo umepatikana, unaendelea hivyo mpaka ua linatokea. Kila mtoto alikuwa na kitambaa chake cha kujifunzia. Herufi juu, namba chini yake, halafu maua, halafu jina lako. Nilikipenda kitambaa kile kuliko chakula. Lakini mwalimu yule hakuwa mtu wa kuangalia mbele. Alikuwa anakigeuza, anaangalia nyuma, pale penye mafundo na nyuzi zilizoruka. Siku moja akakinyanyua changu mbele ya darasa zima, mgongo wa kitambaa ukiwatazama wenzangu, akasema, "Tazameni nyumba ya mwanamke mchafu itakavyokuwa." Watoto wakacheka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka ule ule babu yako akaugua, nikatolewa shule. Kitambaa sikukimaliza. Cheti sikupata. Nilichoondoka nacho ni kicheko kile.

Tangu siku hiyo nikiona kitu kimeshonwa, mkono wangu unakigeuza wenyewe. Hata shuka za hospitali nilipokuzaa wewe nilizigeuza pindo. Nesi akaniuliza, "Mama, unatafuta nini?"

Tulipokuja huku kwa Wachina, wewe una miaka minne, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kule Xintang, kwenye viwanda vya jinzi. Wafanyabiashara wa Dar wakiagiza mzigo, mimi naenda kuukagua kabla haujaingia kwenye kontena. Nilikuwa na karatasi za stika nyekundu zenye umbo la mshale. Zipu imepinda, mshale. Mfuko umekaa upande, mshale. Uzi umening'inia, mshale. Wasichana wa kiwandani wakiniona naingia wanaguna. Na mimi nilijisifu, usidhani sikujisifu. Mtu niliyechekwa darasa la tano sasa nawapiga mishale watu wazima, tena Wachina, na laoban wao, yaani bosi, anatikisa kichwa anakubali.

Sasa jicho la namna hiyo hulivui ukifika nyumbani kama viatu. Ulikuwa na miaka minane ulipokuja na daftari la hesabu limejaa alama za mwalimu. Kabla sijafungua mdomo ukaingia kwenye mkoba wangu wa kazi, ukabandua mshale mmoja, ukaubandika kwenye paji la uso wako. Ukasimama mbele yangu umenyooka. "Mama, nimeshajikagua." Baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Mwaka huu ndio nimeelewa kwamba wewe hukuwa unachekesha.

Na ule mto. Najua unaukumbuka, kwa sababu hujawahi kuutaja. Mwaka ule ule ulinishonea foronya ya mto yenye bata, na bata mwenyewe alikuwa kama birika. Ulipokwenda shule nikamfumua, nikamshona upya, bata akawa bata. Nikauweka mto kwenye kochi, wageni wakasifu, nami nikawaambia, "Kazi ya Salome hiyo." Ukauangalia, ukasema, "Huu si wangu," ukaenda kucheza. Hukushika sindano tena mpaka ulipofika miaka kumi na saba.

Ningekuwa na akili, hapo pangenitosha.

Sasa nakuja kwenye lenyewe. Ile karakana ya Tanga ilipokutumia picha ya kitambaa cha mtoto Agnesi, mimi nilifurahi kuliko wewe. Nilijua habari zile toka utotoni, kwamba kulikuwa na shule ya misheni ya wasichana huko milimani, ya zamani sana, na watoto walishona vitambaa vilivyobaki kwenye makasha. Uliniambia vimechoka, mwanga unavila, na karakana inavinakili uzi kwa uzi ili nakala zitundikwe, vyenyewe vilale gizani. Uliniambia wanachukua mwanafunzi mmoja tu, na ili wakuchukue unatakiwa unakili kitambaa cha Agnesi, mtoto wa miaka tisa, uwatumie. Niliyasikia hayo yote. Neno "uzi kwa uzi" nililisikia kwa masikio haya haya mawili.

Wiki nane ulikaa kwenye kona ya duka langu la ushonaji hapa Dengfeng na kitani chako. Mteja akiingia kupunguza gauni, mimi nikianza stori, wewe unanyanyua kidole. "Mama, usinisemeshe, nahesabu." Mama Rukia akija kutoka duka lake la simu hapo jirani anakutania, "Mwanangu, Waislamu tunahesabu tasbihi, nyinyi Wakristo mnahesabu tundu za kitambaa? Basi nasi tutakutana huko huko." Ukacheka, ukapoteza hesabu, ukaanza upya mstari mzima, wala hukununa.

Ile siku ya kutuma, uliniachia kitambaa mezani ukaenda sokoni Liuhua kutafuta boksi gumu. Ulinipa kazi moja. Nakumbuka maneno yako yote. "Mama, kipige pasi kwa nyuma, moto mdogo, kifunge kwenye karatasi. Usiguse kingine."

Nikakigeuza. Nyuma palikuwa safi, Salome, safi kuliko pangu. Nikaona fahari. Halafu nikakirudisha mbele kukitazama kwa raha, ndipo nikaona. Mti wa kushoto ulikuwa kijani mpaka katikati, kisha ghafla bluu. Nikasema moyoni, mtoto kachoka, kachanganya nyuzi. Pembe ya chini kulia, maua ya ukingoni hayakukutana, palibaki nafasi ya nusu ua. Na mstari wa mwisho kabisa, misalaba yake ilikuwa imelalia upande mwingine, uzi wa juu ulikwenda kulia wakati kitambaa chote umekwenda kushoto. Nikaona makosa matatu, na nafasi ni moja, na huko Tanga kuna mtu mwenye elimu atakinyanyua kitambaa cha mwanangu mbele ya watu.

Picha ya Agnesi ulikuwa nayo kwenye simu, na fotokopi zilizokuzwa ziko kwenye faili lako. Ungenionyesha kama ningeuliza. Sikuuliza kwa sababu nilikuwa najua.

Nikashuka kwa yule mama muuza nyuzi na kipande cha kijani mkononi. Akaangalia, "Meiyou." Nikamwambia atafute, anayo. "Meiyou, meiyou," hana, hana, anapunga mkono kama anafukuza nzi. Mara tatu. Naamini Mungu alikuwa anamtumia mama yule, lakini mimi na ubishi wangu nikaingia mpaka nyuma ya kaunta, nikafungua droo mwenyewe, nikakipata. Nikarudi, nikaufumua mti wako wa bluu, nikaushona kijani mpaka kileleni. Nikaongeza nusu ua, ukingo ukakutana. Mstari wa chini nilitaka kuufumua nao, nimeshaingiza mkasi, nikasikia sauti yako ngazini. Nikakikunja haraka, nikakifunga. Wewe ukakitia kwenye boksi hivyo hivyo, ukakikabidhi kwa mtu wa kago, ukanibusu. Ukanibusu, Salome.

Nilimsimulia Mama Rukia jioni ile nikiwa nimefurahi. Akaniangalia. "Umemwuliza mwenyewe?"

"Nimwulize nini? Kosa si kosa?"

"Haya bibi weye. Mungu akustiri."

Wiki moja ikapita. Tuko mezani, unamsimulia baba yako habari za Agnesi. Unaongea na mikono yote, sijawahi kukuona hivyo. Ukasema uzi wa kijani ulimwishia mtoto yule katikati ya mti, wakampa wa bluu, naye akaendelea. Ukasema hiyo bluu ndiyo inayoonyesha kwamba shule ilikuwa na shida mwaka ule, kwa sababu vitambaa vya wenzake navyo vinabadilika rangi katikati. Ukasema mstari wa mwisho ni wa mkono mwingine, labda rafiki yake alimmalizia, labda Agnesi aliumwa. Ukasema, "Baba, wengi wanaojaribu wanamsahihisha, wanaona wanamsaidia. Bi Zaituni, yule mkuu wa karakana, akiona umesahihisha, hakuchukui."

Baba yako akasema, "Kwa hiyo mwanangu umekosea vizuri." Mkacheka.

Ukanigeukia. "Mama, ugali umekukwama?"

Nikasema mfupa. Tulikuwa tunakula maharage.

Siku tatu zikapita, sikukuambia. Nataka ujue kwa nini, maana si kwamba sikutaka. Nilikuogopa. Mtu anaweza kumwogopa mtoto aliyemzaa. Nilikuwa naona ule uso wako wa miaka minane ukisema huu si wangu, na safari hii ungekwenda mbali zaidi ya kucheza. Nikaenda kwa Mama Rukia, nikalia mbele ya wateja wake wa simu. Hakunibembeleza. Akasema, "Kulia baadaye. Namba ya Tanga si ipo kwenye karatasi ya kago? Piga."

"Nitasema nini na mtu msomi kama yule?"

"Sema ulivyofanya. Hilo halitaki shule."

Nikapiga. Bi Zaituni akapokea, sauti ya mtu mzima, ya taratibu. Nikajitambulisha, nikamwambia yote bila kumeza mate: pasi, uzi, mama wa meiyou, nusu ua. Nikamwambia mtoto hajui, mtoto hana kosa, kama kuna wa kufukuzwa nifukuzwe mimi, ingawa sijaomba nafasi.

Nikasikia anacheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Mama Salome, mimi na kitambaa hiki tumeshindana siku mbili. Najiuliza, msichana huyu ameiga mpaka mstari uliogeuka, ambao wengi hawauoni hata nikiwaonyesha kwa kidole, halafu ashindwe kuona mti wa bluu? Nikageuza nyuma. Uzi wa mti umekazwa. Kwingine umelegea kidogo, kama wa mtoto. Nikasema hapa pana mkono wa pili."

Nikamwuliza, "Mkono wangu ni mbaya?"

"Mkono wako ni mzuri sana. Ila si wa Agnesi, na si wa Salome."

Nikamwambia zile nyuzi za bluu nilizofumua ninazo, mimi situpi uzi, naweza kuzituma. Akasema, "Zimeshakatika hizo mama, hazina kazi. Zitupe." Akaniambia atakupima kwa ulichoshona wewe. Kitambaa kingine chote kinamtosha kukuchukua, na mti utaushona upya ukifika, mbele yake. "Nafasi ni yake. Lakini asiingie mlangoni kwangu akiwa hajui. Siku atakayofika nitamwekea kitambaa mezani na nitamwambia mti ule ni wa nani. Afadhali awe amesikia kwako."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya duka, katikati ya vipande vya vitenge, nikacheka peke yangu kama niliyepata wazimu. Mteja mmoja wa Kikongo akachungulia, akaondoka na suruali yake. Siwezi kukueleza wepesi ule. Nilikuwa nimeshika shingo ya bahati yako kwa mikono miwili bila kujua, nikafungua mikono, nikakuta bado inapumua.

Ulipopata ujumbe kwamba umechukuliwa, ulipiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Nilisema, "Salome." Ukasema, "Abee mama." Nikasema, "Chumvi imekwisha." Ukaenda kununua chumvi, na chumvi ilikuwepo. Tuna pakiti nne za chumvi kwenye kabati, sasa unajua sababu ya kila moja.

Mwanangu, mimi nilimdanganya mama yangu miaka mingi. Tulipofika huku tulilala watu sita chumba kimoja, baba yako anabeba maboksi ya kago. Mimi nikaenda kusimama mbele ya jengo la watu lenye vioo, nikapigwa picha, nikamtumia bibi yako. Akaionyesha kijiji kizima. Kila nilipompigia aliniuliza, "Lile jumba lenu halina baridi?" Nami nikasema halina, mama. Amekufa akiamini hivyo. Watu huniambia nilimpa furaha. Labda. Lakini nilipokuwa nimebanwa kweli kweli, mimba ile ya pili ilipotoka, sikuweza kumpigia nikalia, kwa sababu mtu anayekaa kwenye jumba la vioo analilia nini? Nilijifungia mlango mwenyewe.

Kwa hiyo ukifika Tanga pakakushinda, sema pamekushinda. Watakuita Mchina, najua. Watacheka unavyosema meiyou badala ya hakuna, na unavyokunywa maji ya moto badala ya soda. Utakuta kwenu si kwenu kama nilivyokusimulia, maana nilikusimulia Tanga niliyoiacha, na nadhani nayo niliipiga pasi kidogo. Ukiona hivyo nipigie uniambie, "Mama, ulinidanganya." Sitabisha. Nitajitahidi nisibishe.

Na kazi utakazonitumia picha, nitajifunza kuuliza. Nimeshaanza na wateja. Juzi dada mmoja kaleta gauni, kola imekaa upande, mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaurudisha. Nikamwuliza, "Hii imekusudiwa?" Akasema ndiyo, ni mtindo. Mtindo mbaya kweli, Salome. Lakini nimeuacha.

Barua hii Mama Rukia alinishauri niifiche ndani ya begi lako, chini ya nguo. "Akiisoma yuko angani, atakufanya nini?" Nikakubali, na mpaka nafika nusu ya kuandika nilikuwa na nia hiyo hiyo. Nilishachagua mpaka mfuko. Kisha nikajiona: nangoja utoke, napitisha mkono kwenye vitu vyako, nafunga, nakubusu. Nimeshalifanya hilo mara moja mwaka huu.

Begi sikuligusa. Karatasi hizi nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua viatu. Baba yako nimeshamwambia kwa ujumbe apitie kwa kinyozi, achelewe. Ukitaka kunifokea, foka, ndege yako ni ya kesho saa tano asubuhi, muda tunao. Ukitaka kunyamaza nitanyamaza nawe, ingawa hilo litanishinda mapema. Ukitaka kuuliza lolote, hata ambalo sikuliandika, uliza nikiwa hapa mbele yako. Usiniulize ukiwa huko.

Nimechoka, lakini ni uchovu mzuri, kama wa mtu aliyemaliza kufua mablanketi. Kokote utakakokwenda kesho utakwenda unanijua.

Nasikia lifti, na kicheko chako kwenye korido, unamwambia mtu wa jirani kwaheri. Nafungua mlango.

Mimi mama yako